Malipo ya likizo ya ugonjwa: Haki ya mfanyakazi, hesabu ya mwajiri

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri kwa miezi miwili mfululizo haki ya likizo ya ugonjwa. Katika kila kipindi cha miezi 12, atalipwa mshahara kamili kwa siku zisizopungua saba, kisha nusu mshahara kwa siku saba zaidi.

Kwa mfano, anayepata Sh1,000 kwa siku akiugua siku zote 14, mwajiri atamlipa Sh10,500 bila kazi kufanyika. Ili haki hiyo isitumiwe vibaya, sheria inadai cheti cha daktari au cha msimamizi wa zahanati, na mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo.

Je, kupunguza malipo hupunguza utoro? Ujerumani ilipoyashusha hadi asilimia 80 ya mshahara mwaka 1996, siku za kukosa kazi zilipungua. Hata hivyo, vyama vingi vya wafanyakazi viliafikiana na waajiri malipo kamili yaendelee, na mwaka 1999 sheria ikayarejesha.

Isitoshe, si kila siku inayookolewa huwa faida. Anayehofia kukatwa mshahara hufika kazini na homa, akawaambukiza wenzake, nao wakakosa kazi. Mpishi anayeharisha huhatarisha hata wateja.

Siku 14 ni kiwango cha chini tu. Kabla ya kutia sahihi mkataba, mfanyakazi na aulize ameongezewa ngapi.