Kisima ni cha Mtu, Maji ni ya Wote
Habari za Visima na Sheria za Maji Nchini Kenya, Tangu Zamani Hata Leo



Katika mkutano wetu mkuu uliopita palitokea mabishano juu ya visima, nayo hayakwisha hata jua likatua. Mwanachama mmoja alilalamika ya kuwa kisima cha nyumbani kwake, alichokirithi kwa babu yake, kimeanza kutoa maji ya chumvi tangu jirani yake alipotia pampu ya umeme katika kisima kipya na kuwauzia maji wenye mikokoteni na malori. Jirani huyo, ambaye naye ni mwanachama, alijibu kwa upole kwamba kiwanja ni chake, hati anayo, fedha za kuchimba zilitoka mfukoni mwake, wala hakuchukua hata tone moja katika uwanja wa mwenziwe. Wazee waliwasikiliza wote wawili, wakaona kila mmoja ana neno. Ndipo Halmashauri ikaniagiza mimi karani wenu kuandika katika taarifa hii habari za visima na sheria za maji, ili tutakapokutana tena tuzungumze tukiwa na maarifa. Nami natii.

DESTURI ZA WAZEE

Kisima kuwa mali ya mtu si jambo geni kwetu. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyofuatwa katika miji ya pwani kwa karne nyingi, aliyechimba kisima katika milki yake ana haki ya kutangulia kukitumia. Lakini haki hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, maji yanayozidi haja yake hana ruhusa kumnyima mwenye kiu, awe mtu au mnyama. Pili, kisima kina harimu yake, yaani eneo la kukizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuchimba kisima cha kukidhuru. Basi wanazuoni wa kale walikwisha kutambua ya kwamba shimo moja laweza kuliibia jingine bila mtu kuvuka ua.

Kaskazini mwa nchi yetu na kusini mwa Ethiopia, Waborana wana desturi inayofanana na hiyo. Kisima kirefu huhesabiwa kuwa cha ukoo wa yule aliyekichimba kwanza, na mrithi wake huheshimiwa. Hata hivyo, zamu za kunywesha mifugo husimamiwa na mzee aliyewekwa kwa kazi hiyo, naye hupanga mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje. Heshima ya mwenye kisima huandamana na wajibu wa kukitunza. Na sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka jinsi Isaka alivyogombana na wachungaji wa Gerari juu ya visima, akahama na kuchimba vingine hata akapata kimoja kisicho na ugomvi. Isaka alikuwa na mahali pa kuhamia. Sisi tulio katika viwanja vya mji hatuna.

FUNZO LA GEDI

Asiyeamini ya kuwa maji ya chini ya ardhi hupungua na aende Gedi, karibu na Watamu. Mji ule ulikuwa na misikiti, jumba la mfalme, nyumba za mawe na visima, nao ulistawi sana katika karne ya 15. Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamekwisha kuuhama, na msitu ukaufunika. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na tangu hapo wataalamu wametaja sababu kadhaa za kuhamwa kwake: vita vya Wazimba mwaka 1589, kuhama kwa watawala wa Malindi kwenda Mombasa pamoja na Wareno mwaka 1593, mashambulio ya Wagalla, ambao leo twawaita Waoromo, na kupungua kwa maji. Kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu kina alama za kuchimbwa chini zaidi kuliko kilivyokuwa kwanza. Sitasema kwamba kiu peke yake ndiyo iliyoua Gedi. Lakini wale waliokichimba kisima kile mara ya pili walikuwa wakiyafuata maji yanayowakimbia.

MAJI YAKAAVYO CHINI

Hapa yafaa tueleze jinsi maji yanavyokaa chini ya miguu yetu sisi watu wa pwani. Mvua hupenya katika mawe ya matumbawe na mchanga. Huko chini hukutana na maji ya bahari yaliyoingia kutoka upande wa pili. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kidogo, hukaa juu ya yale ya chumvi, kama samli ikaavyo juu ya mchuzi. Wataalamu hukadiria ya kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hii hufurahisha mpaka igeuzwe: ukishusha maji matamu kwa mita 1, chumvi nayo huelekea kupanda mita 40 kuyafuata.

Ndoo na kamba za babu zetu zilikuwa sheria zenyewe, kwa maana mkono huchoka. Mtu alichota asubuhi, akapumzika, na kisima kikapumzika pamoja naye. Pampu haichoki. Huvuta mchana na usiku, na maji yanayoijia hayaulizi yametoka chini ya kiwanja cha nani. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi tunaonunua pampu twayahesabu maji tusiyoyafika kana kwamba tumeyaona.

FIKIRA YA “ARDHI YANGU, MAJI YANGU”

Ikiwa desturi zetu zilijua mipaka, fikira hii ya kwamba mwenye kiwanja ni mwenye maji yote yaliyo chini yake ina nguvu kutoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilipewa nguvu katika mahakama za Uingereza. Mwaka 1843, katika kesi ya Acton na Blundell, mahakama iliamua ya kwamba mtu aliyechimba makaa ya mawe katika ardhi yake na kukausha kisima cha jirani hakuwa na hatia. Mwaka 1859, katika kesi ya Chasemore na Richards, mwenye kinu aliyepungukiwa na maji ya mto kwa sababu ya kisima cha mji alishindwa vivyo hivyo. Hoja kubwa ya mahakimu ilikuwa kwamba maji ya chini hayaonekani, wala njia zake hazijulikani, basi haiwezekani kuyawekea haki kama ya mto. Lakini Waingereza wenyewe waliiacha njia hiyo baadaye. Sheria yao ya mwaka 1945 ilianza kuzuia uchimbaji katika sehemu zilizotajwa, na ile ya mwaka 1963 ikaweka leseni.

Hapa Kenya serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya maji mwaka 1929, kisha nyingine mwaka 1951. Wazee wetu waliitilia shaka sheria ya namna hiyo, nao walikuwa na haki. Mwaka 1929 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria. Bwana Eliud Mathu, wa kwanza, aliingia mwaka 1944. Mtu ambaye ardhi yake ilichukuliwa pasipo kuulizwa hawezi kushangilia akiambiwa kwamba na maji sasa yana bwana mwingine. Shaka ile imerithiwa, na hata leo afisa wa maji akibisha hodi, wengi wetu tunafunga mlango kwanza kisha ndipo tunauliza anataka nini. Sheria ya mwaka 1951 iliendelea kutumika baada ya Uhuru kwa jina la Sura ya 372, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2002.

NAIROBI NA MOMBASA

Pamoja na ubaya wa asili yake, haja ya usimamizi ilikuwa ya kweli. Mwaka 1953 sehemu ya Nairobi ilitangazwa kuwa eneo la kuhifadhi maji ya chini, kwa kuwa visima virefu vilikuwa vikiongezeka. Mwaka 1940 visima hivyo havikufika 10. Kufikia mwaka 2001 vilikuwa vimekaribia 2,000. Tangazo lilikuwako miaka yote hiyo, na visima viliongezeka miaka yote hiyo. Sheria isiyo na watu wa kuilinda huwa ni karatasi tu.

Mombasa njia ilikuwa nyingine. Maji ya bomba yalitoka kwanza chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, kisha mwaka 1957 likafika bomba la Mzima, lenye urefu wa kilomita 220 hivi. Wengi walidhani zamani za visima zimekwisha. Lakini mji ulikua kuliko bomba, na mifereji ilipokauka watu walirudi kwenye visima vyao. Walivikuta vimezungukwa na vyoo vya shimo, na katika mitaa kama Kisauni uchunguzi umeonyesha uchafu wa vyoo kuingia katika maji ya visima. Basi hatari zetu ni mbili: chumvi inayotoka chini na uchafu unaotoka kando. Zote mbili hupita chini ya ua bila kubisha hodi.

SHERIA YA SASA

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema ya kwamba maji yote yamewekwa mikononi mwa Serikali ya Taifa kama amana kwa ajili ya watu wa Kenya. Wazee waangalie neno hilo amana. Mwenye kushika amana si mwenye mali. Anaweza kuulizwa hesabu. Anayechota maji kwa matumizi ya nyumbani bila mitambo haombi kibali. Lakini sheria inaipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji uwezo wa kutoa vibali na kulinda maeneo ambayo maji yake ya chini yamo hatarini.

NENO LA MWISHO

Nimetafuta katika habari hizi zote mahali ambapo mwenye kisima alipewa ruhusa ya kuvuta bila kikomo na watu wakasalimika, nami sikupaona. Kwa hiyo kwa unyenyekevu naiwekea Halmashauri mambo matatu.

1. Kila mwanachama mwenye pampu aandikishe kisima chake kwa Mamlaka, na chama kimsaidie kujaza karatasi, ili asiogope.

2. Wenye visima vya mtaa mmoja wapime kina cha maji kwa kamba mwanzo wa kila mwezi, na wayaonje, na karani aandike. Mahakimu wa mwaka 1843 walisema maji ya chini hayajulikani. Kamba na daftari vitatujulisha.

3. Wanachama wawili waliogombana wakubaliane saa za kuvuta na saa za kupumzisha, mbele ya wazee, kabla ya kwenda kwa afisa. Na wakikubaliana, wakubaliane kwa vipimo, si kwa maneno matupu.

Mwenye pampu hakuvunja ua wa mtu, hilo ni kweli. Na mwenye kisima cha babu yake haoti, chumvi ameionja. Yote mawili ni kweli kwa sababu viwanja ni viwili na maji ni mamoja.

Mimi karani wenu mtiifu.