Hewa nyepesi na risasi ya Shah-i-Kot

Wadau, ikitangazwa rekodi ya kulenga shabaha tunamsifu mtu, kisha bunduki yake. Mimi nadhani kuna wa tatu anayesahaulika: hewa.

Turudi Machi 2002, bonde la Shah-i-Kot, Afghanistan. Mdunguaji wa jeshi la Kanada, Koplo Rob Furlong, alimpiga mpiganaji aliyekuwa umbali wa mita 2,430. Siku chache kabla, Mkanada mwenzake Arron Perry alikuwa amefikisha mita 2,310 na kuivunja rekodi ya Mmarekani Carlos Hathcock, mita 2,286, iliyodumu tangu Vietnam mwaka 1967. Miaka 35 kimya, halafu rekodi mbili bonde moja! Bunduki zilikuwa bora, sawa, lakini bonde lenyewe liko kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari.

Kule juu kanieneo ya hewa hushuka kutoka hektopaskali 1,013 za pwani hadi kama 750, na hewa inakuwa nyepesi kwa zaidi ya asilimia 20. Risasi haikwami sana. Inatunza mwendo, inafika mapema, na mvutano wa dunia unapata muda mfupi zaidi wa kuishusha. Kwa masafa yale risasi huwa hewani zaidi ya sekunde 3, kwa hiyo tofauti ni ya mita, si sentimita. Aliyepima darubini yake pwani akapanda nayo mlimani bila kuirekebisha, risasi itapita juu ya kichwa cha mlengwa.

Na elimu hii ni kongwe jamani. Mwingereza Benjamin Robins alifyatulia risasi ubao unaoning'inia, akapima ulivyobembea, na mwaka 1742 akaandika kwamba hewa huizuia risasi kuliko wakubwa wa zama zake walivyoamini.

Mlima si kila kitu, lakini. Mwaka 2017 Kanada ilitangaza mita 3,540 huko Iraki, na haikuwa milimani.

Furlong mwenyewe, pamoja na hewa ile nyepesi, risasi ya kwanza ilikosa. Ya pili iligonga begi mgongoni. Ya tatu ikaua. Katika habari zote nilizosoma, aliyekufa hana jina.