Sonona kali yatibika, si uvivu wala kurogwa

MFANYABIASHARA wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, anapoacha kufungua duka kwa wiki kadhaa bila sababu inayoonekana, huenda akaitwa mvivu au aliyerogwa. Wakati mwingine kinachomsumbua ni sonona, ugonjwa wa akili unaotibika.

Sonona si huzuni ya kawaida. Soko Kuu la Kariakoo lilipoteketea kwa moto Julai 10, 2021, na ghorofa lilipoporomoka eneo hilo Novemba 16, 2024 na kusababisha vifo, majonzi ya waliopoteza mali na ndugu yalikuwa ya kibinadamu. Majonzi hayo hupungua taratibu, na mfiwa huweza kufarijiwa. Sonona hudumu karibu siku nzima, takriban kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na humpata hata asiyefikwa na msiba.

Dalili kuu ni huzuni na kupoteza hamu ya mambo yaliyomfurahisha mgonjwa. Huambatana na uchovu, kukosa usingizi, kujilaumu na kukata tamaa. Inapokuwa kali, mgonjwa hushindwa kufanya kazi, kuoga au kula. Baadhi husikia sauti zisizokuwapo au hufikiria kujiua.

Wagonjwa wengi huanza kwa kulalamikia maumivu ya kichwa, kifua au tumbo. Hivyo hununua dawa za maumivu au malaria, pasipo kupata nafuu.

Sonona kali hutibiwa kwa dawa pamoja na tiba ya mazungumzo. Dawa kama amitriptilini na fluoksetini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi. Hata mgonjwa anapopona, huhitaji kuendelea nazo kwa miezi sita au zaidi, na huziacha kwa ushauri wa daktari, ili ugonjwa usirudi. Dawa zikishindwa, ipo tiba ya umeme, ambayo hutolewa hospitalini mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Mgonjwa anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyopo Upanga, si mbali na Kariakoo, ina huduma za magonjwa ya akili.

Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake; apelekwe hospitali mara moja, na dawa zake zitunzwe na ndugu. Kumuuliza waziwazi kama ana mawazo hayo hakumpi wazo jipya, bali humfungulia njia ya kuomba msaada.