Mafundi wa Msituni

Mimi ni fundi wa mbao hapa Ruring'u. Vijana wakiniuliza uchongaji wa Nyeri ulitoka wapi, siwapeleki makumbusho, ingawa yapo papa hapa katika ile mahakama ya wenyeji ya enzi za mkoloni. Nawaambia waanzie kwenye bunduki.

Bunduki za kujitengenezea za Mau Mau, waliopigana na mkoloni kutoka msituni, zilikuwa hivi: kipande cha bomba la maji ndicho mtutu, komeo la mlango hugonga risasi, mpira hulivuta komeo kwa kasi. Nyingine zilimlipukia mpigaji mwenyewe. Kitako, lakini, kilitaka mtu anayeujua mti, na Samwel Wanjau, mzaliwa wa Nyeri, alikuwa mmoja wa mafundi hao. Desemba 1963, baada ya uhuru, wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika katika uwanja wetu wa Ruring'u kuweka silaha chini. Majenerali wanatajwa hadi leo. Mafundi wao je? Hilo huniudhi.

Wanjau hakuiacha patasi. Alichonga vinyago vya kuuzia watalii, kazi ya kutafuta unga tu, mpaka alipofika Paa Ya Paa, jumba la sanaa lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake. Njau ni yuleyule aliyemchora Yesu Mwafrika kwenye kuta za kanisa la Murang'a. Pale Paa Ya Paa, Wanjau alichonga anachokijua: mpiganaji wa msituni, mkubwa kuliko mtu. Wanawe, Anthony na Jackson, nao wakawa wachongaji.