Viwanja Vilivyoachwa na Karanga

Ukiwa Ruangwa mjini na una watoto wa kuwatembeza Jumapili, swali la kwanza ni twende wapi. Uwanja wa Majaliwa hujaa siku Namungo FC inapocheza nyumbani. Siku nyingine watoto hujitafutia wenyewe: kivuli cha mkorosho, barabara ya mtaa kabla bodaboda hazijachangamka, na kiwanja chochote ambacho mwenyewe hajaanza kujenga. Hapo ndipo panapochezwa chandimu, rede na kombolela. Ni rahisi kudhani nafasi za namna hiyo zimekuwapo tu tangu enzi. Lakini katika ukanda huu wa Ruangwa na Nachingwea, nafasi kubwa kuliko zote ilifyekwa kwa makusudi na kwa fedha nyingi, na aliyeifyeka hakuwa na mtoto yeyote kichwani.

Alikuwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikatangaza mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Bajeti ilikuwa pauni milioni 25 kwa miaka 6. Maeneo matatu yalichaguliwa nchini: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaja matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Pori la Nachingwea likalazwa chini, mashamba yakapewa namba badala ya majina, mitaa ikachorwa, uwanja wa ndege ukatengenezwa, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi huku bara kubeba mzigo ambao haukuwahi kupatikana. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikahesabiwa hasara. Reli ilijikongoja hadi 1962, kisha ikafungwa.

Vitabu vingi vinaishia hapo, kwenye hasara. Mimi huwa naona ndipo historia yetu inapoanza, kwa sababu ardhi iliyofyekwa haikurudi kuwa pori mara moja. Shamba namba 17, ambalo hadi leo watu huliita Farm 17, lilikuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO katikati ya miaka ya 1960. Samora Machel aliwafundisha wapiganaji hapo. Kwa hiyo ardhi iliyoandaliwa kulisha Uingereza ndiyo iliyosaidia kumng'oa Mreno Msumbiji. FRELIMO, tofauti na watu wa karanga, iliwafikiria watoto: waliokimbia vita au kupoteza wazazi walitunzwa katika kituo chake kule Tunduru.

Likizo iliyopita niliwachukua wapwa zangu wawili, wa miaka 7 na 10, tukapanda gari kwenda Nachingwea. Kwetu Wamwera mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo ruhusa haikuwa shida. Shida ilikuwa mihogo ya kuchemsha, ambayo iliisha kabla hatujafika. Nilitaka waone mahali reli ilipopita. Mzee mmoja alitunyooshea fimbo: pale, kwenye ule mwinuko wenye nyasi. Kwa watoto mwinuko ule ulikuwa kitu cha kupanda na kuteleza tu, na waliupanda na kuteleza hadi kaptula zikabadilika rangi.

"Mjomba, sasa treni ilienda wapi?" akauliza mdogo.

"Walifunga reli, wakaing'oa."

"Kwa nini?"

"Karanga hazikuota za kutosha."

Akafikiri kidogo. "Wangelima korosho."

Sijasikia mhadhara wowote uliolisema jambo hili kwa ufupi zaidi.

Kuna mfano mwingine wa nafasi ya namna hii, maarufu zaidi, nao uko Dar es Salaam. Mnazi Mmoja haikuachwa wazi ili watu wapunge upepo. Waingereza waliitenga iwe mpaka kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika ya Kariakoo, na nyumba za watu zilibomolewa ili uwanja upatikane. Ulikuwa uwanja wa kutenganisha. Leo ikifika Idi, watoto waliovaa nguo mpya huzagaa hapo na maputo na aiskrimu, na sidhani kuna anayewaza habari za mpaka. Sisemi ubaguzi ulitufanyia hisani. Ninachosema ni kwamba watoto wetu wamezoea kuchezea makombo ya mipango ya wakubwa, na makombo yana tabia ya kuisha.

Ruangwa yanaisha haraka. Wilaya ina madini ya kinywe, kampuni zimekuja, barabara ya lami imefika, na kila mwenye akiba anatafuta kiwanja. Katika Kiswahili neno ni hilohilo: kiwanja cha kuchezea na kiwanja cha kujenga. Kwenye ramani za upimaji huwa kuna kipande kilichoandikwa eneo la wazi. Kipande hicho hakina mlinzi wala hati mkononi mwa mtu, kwa hiyo ndicho cha kwanza kuota msingi wa tofali.

Karibu na kwa dada yangu kuna uwanja wa vumbi wenye magoli ya miti. Tangu mwezi wa sita una bikoni nne za zege. Watoto hawakuhama. Mbili wamezifanya magoli, kwa kuwa zimesimama imara kuliko miti, na ile ya katikati ndiyo hutumika kuhesabia wakicheza kombolela: anayehesabu huiinamia, hufumba macho, na wenzake hukimbilia nyuma ya mikorosho ambayo bado haijakatwa.