Kutoka nta na nywele hadi manila: mkono wa Kusini katika kadi za salamu

Kinyago cha ngoma cha Wamakonde hakimalizwi kwa tezo na kisu. Fundi akishachonga mti wake mwepesi hadi uso ukatokeza, hupachika nywele halisi za binadamu kichwani, husokota nta ya nyuki kuwa nyuzi nyembamba na kuzilaza mashavuni na kwenye paji la uso kwa mpangilio wa nembo, yaani chale za urembo za Kimakonde, kisha hupaka rangi. Mti, nywele, nta na rangi, vitu visivyokutana mahali pengine popote, hukubaliana kutoa sura moja. Leo mtu akibandika kipande cha kitenge, gamba la mgomba na karatasi ya dhahabu juu ya manila, akakiuza kama kadi ya salamu, ataambiwa ujuzi huo umetoka Ulaya. Kadi yenyewe, ndiyo, ilikuja kwa meli. Lakini mkono ulioipokea ulikuwa umeshazoea kazi ya namna hiyo, na kwa Tanzania sehemu kubwa ya mkono huo ilitoka Kusini: uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba, pamoja na Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi.

Historia ya upande wa Ulaya imeandikwa sana, kwa hiyo tuipite upesi. Mwaka 1840 Uingereza iliweka bei moja ya peni kwa barua ya kwenda popote nchini. Miaka mitatu baadaye Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyelemewa na barua za kujibu, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi. Zilichapwa kama 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa shilingi moja kila moja, bei isiyokuwa ya mtu wa kawaida. Wapinga ulevi wakalalamika, maana mchoroni kulikuwa na mtoto anayenyweshwa mvinyo. Huko Marekani, katika mji wa Worcester, Massachusetts, Esther Howland alianza mwishoni mwa miaka ya 1840 kutengeneza kadi za wapendanao kwa karatasi za lesi na maua ya rangi. Aliwapanga wanawake mezani, huyu anakata, mwenzake anabandika, wa tatu anatia utepe, na kadi inasogea kutoka mkono hadi mkono. Kadi iliyosifiwa kwa kuwa ya mkono ilikuwa, tangu mapema kabisa, kazi ya meza nzima. Kalibu za chuma zenye makali, zile zinazokata ua au kipepeo kwa mkandamizo mmoja, nazo hazikubuniwa kwa ajili ya mapenzi. Zilitumika kwanza kwa washona viatu kukatia soli.

Huko Kusini, Mahuta wakati huo haikuwa na habari na Henry Cole. Karatasi ilifika huko kwa njia nyingine. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado vinafuka moshi, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alitoka Lindi, akapita Masasi, akakaa Newala, kisha Mahuta, ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Tandahimba. Alibeba kamera, mashine ya kunasia nyimbo kwenye silinda za nta, na shehena ya karatasi. Kati ya mambo aliyoyafanya, aliwapa watu penseli wachore wanachotaka, wakamchorea watu na wanyama. Michoro hiyo ilichapwa katika kitabu chake cha mwaka 1908, ambacho Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Weule alikuwa mtu wa enzi yake, na mengi aliyoyaandika kuhusu watu waliompokea na kumbebea mizigo hayasomeki leo bila kukunja uso. Michoro lakini haina neno baya kwa mtu. Ni mistari ya watu ambao wengi wao hawakuwa na mazoea ya penseli, nayo imesimama bila woga, kwa sababu jicho lililoongoza penseli lilikwishafundishwa na kisu.

Weule aliondoka na vinyago pia, na hapo ndipo penye kiini cha biashara iliyofuata. Kinyago kinasafiri kwa kreti. Kwa karibu nusu karne, kitu cha Kimakonde kilichokwenda ng'ambo kilikuwa kizito, cha mpingo au cha mti mwingine, na kilihitaji mnunuzi mwenye pesa na nafasi mizigoni. Wachongaji waliohamia Dar es Salaam, wengi wao wakiwa na asili ya ng'ambo ya Mto Ruvuma, walipata wanunuzi kama Mohamed Peera, mfanyabiashara aliyewapa magogo na kununua kazi zao. Ni katika mazingira hayo ya miaka ya 1950 ndipo Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani yake yaliyopindapinda. Hata hivyo, mashetani yalibaki kuwa bidhaa ya wachache. Mwalimu wa kujitolea anayerudi kwao na begi moja hawezi kubeba gogo. Anaweza kubeba kadi kumi.

Mwaka 1972 mtawa wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Kilikuwa kituo cha vijana wenye kipaji na wasio na ajira, mahali pa kupata vifaa na kuuzia kazi. Baadaye kikapata jengo lake katikati ya jiji, karibu na hoteli iitwayo leo Serena, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliokiunga mkono. Humo walitia rangi batiki, walichora kwa wino juu ya ngozi za mbuzi, walichonga lino na kuchapa, na walitengeneza kadi.

Mmoja wa waliokuwa humo ni Augustino Malaba, mchongaji. Malaba alimtafutia nafasi mpwa wake, mzaliwa wa upande wa Masasi wa mwaka 1934, naye akaajiriwa kuwa mlinzi wa usiku. Mlinzi huyo ni George Lilanga. Asubuhi alipokuwa akiwaona wenzake wakichora, mlinzi akaomba naye ajaribu, na aliyokuwa ameyajua tangu utotoni kwa mti akayahamishia kwenye ngozi, kitambaa na karatasi. Masikio makubwa, midomo iliyovutika, vidole vichache vinene, matumbo yaliyojaa: ni mashetani yaleyale ya mpingo, ila sasa yamelala chali na kutiwa rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Alipofariki mwaka 2005 alikuwa amekwisha kuwa jina linalotajwa katika minada na majumba ya sanaa ya Ulaya.

Wanaoandika juu ya Lilanga hupenda kuanzia kwenye turubai zake kubwa. Mimi naona wanaruka hatua. Mchongaji haamki siku moja akawa mchoraji. Anahitaji kitu kidogo kati ya hapa na pale, kitu ambacho kikiharibika hasara yake ni karatasi tu. Lino ndiyo daraja lenyewe. Ni kipande laini unachokichonga kwa patasi ndogo, ukiondoa pale panapotakiwa kubaki peupe na kuacha panapotakiwa kuwa peusi, kisha unapaka wino na kukandamiza karatasi. Mtu aliyekulia kwenye mpingo hafundishwi kuondoa; ndiyo kazi yake. Kinachomsumbua ni kwamba picha hutoka kinyume, wa kulia akawa wa kushoto, na kama kuna maandishi ya salamu inabidi uyachonge kama yanavyoonekana kwenye kioo. Mchapo mmoja wa ukubwa wa kiganja, ukikunjiwa karatasi nyuma yake na kutiwa bahasha, ni kadi. Mchapo uleule, ukiwekwa fremu na kutiwa sahihi, ni sanaa. Tofauti ya bei kati ya viwili hivyo ni kubwa kuliko tofauti ya kazi.

Mtu mwingine wa Kusini, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, alikufa mwaka uleule Nyumba ya Sanaa ilipoanzishwa, 1972, kwa risasi ya polisi, akiwa ameacha wanafunzi wachache na mtindo uliobeba jina lake. Wao walipaka rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao za kubandika dari. Chama chao cha ushirika kiliundwa mwaka 1990 pale Morogoro Stores, Oysterbay, na ukipita huko utakuta twiga na kanga wao wameshuka hadi ukubwa wa kadi pia, kwa sababu ileile ya begi la msafiri.

Kadi ambayo hasa imekuwa ya Afrika Mashariki, inayouzwa Mwenge jijini Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala, ni ile ya magamba ya mgomba. Nani aliikata ya kwanza si muhimu kama namna inavyokatwa. Mgomba ukishatoa mkungu na kuangushwa, magamba ya shina lake huchanwa na kuanikwa, na yanapokauka hutoa rangi ambazo hakuna duka la steshenari linaloziuza: krimu, asali, kahawia ya kahawa, na weusi wenye michirizi. Fundi hupanga rangi hizo kabla ya kupanga picha. Gamba lisipokauka sawasawa litajikunja ndani ya bahasha, au litaota kuvu kabla halijafika linakokwenda, kwa hiyo hunyooshwa na kubanwa chini ya kitu kizito. Halafu huja wembe. Mwanamke mwenye mtungi kichwani huwa ni vipande vitatu au vinne: gamba jeusi la kichwa na mikono, la asali la mtungi, na kanga iliyokatwa kwenye gamba lenye michirizi ili ionekane ina nakshi. Mbuyu hauna shida, gamba lenyewe tayari ni gome.

Na kalibu? Ipo, ila si ya chuma. Fundi anayetengeneza kadi nyingi za aina moja hukata kwanza umbo kwenye ubao wa karatasi ngumu, tembo au jahazi, kisha hulifuata kwa ncha ya wembe juu ya kila gamba. Ni ileile ya washona viatu, ila pale palipokuwa na mashine sasa pana kidole gumba. Kwa sababu hiyo tembo wa kumi hafanani kabisa na tembo wa kwanza, jambo ambalo mnunuzi hulisifu na fundi hulionea haya.

Karatasi ya kubandikia nayo ilikuwa na hadithi. Baada ya Vita vya Kagera, nchi ilipokosa fedha za kigeni, manila nyeupe nzuri haikuwa kitu cha kuingia dukani na kuchukua. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kilileta karatasi ya nyumbani, ikiwemo ya kaki, na kaki ikakubaliana na gamba la mgomba kuliko nyeupe ya Ulaya. Baadaye wengine wakaamua kutengeneza karatasi yenyewe kwa mkono. Pale Iringa, mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, Neema Crafts ilianza na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo hula nyuzinyuzi nyingi asizozimaliza tumboni. Zikioshwa, zikachemshwa na kutwangwa, hugeuka rojo la karatasi. Kutoka kwenye rojo hilo zikatoka kadi, na kutoka kwenye kadi, karakana kadhaa zinazoajiri watu wenye ulemavu. Wageni hunusa kadi kwanza kabla ya kulipa. Hainuki.

Nyumba ya Sanaa haipo tena mahali pake. Wala posta ya Desemba si ile iliyokuwa, yenye foleni na stempu za kulambwa. Simu imemaliza kadi za Krismasi na za Idi kwa kasi ambayo hakuna aliyeipangia. Wauza kadi za wageni wamebaki na watalii, na watalii wenyewe siku hizi hununua kadi ya mgomba kwa ajili ya kuitundika ukutani, bila kuandika neno ndani.

Kadi ambayo haijafa ni ile ambayo wageni hawaijui: kadi ya mchango. Tandahimba inaishi kwa korosho. Minada ikianza, kawaida mwezi Oktoba, na malipo yakipita vyama vya msingi vilivyo chini ya TANECU, chama kikuu cha wilaya za Tandahimba na Newala, sherehe zilizokuwa zikisubiri fedha huanza kupangiwa tarehe. Kadi ya kuomba mchango hutangulia, kisha ya mwaliko, singo kwa mtu mmoja na dabo kwa mtu na mwenzake, ikisubiri kuoneshwa mlangoni. Nyingi hukatwa kwa leza: lesi ya karatasi, utepe, waridi na njiwa wawili. Ni Worcester ya Howland imerudi, na sijawahi kuona njiwa hao wakimpisha hata nembo moja ya Kimakonde, ingawa mashine ya leza haichagui mchoro. Watu waliacha kuchanja nembo ngozini kwa kuonekana za kizamani, na anayeagiza kadi hataki kuitwa wa kizamani siku ya harusi ya mwanawe.

Wengi sasa hutuma picha ya kadi kwenye makundi ya WhatsApp na kuchapisha chache tu za karatasi. Hizo chache zina wenyewe. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake. Mjomba hatumiwi picha kwa simu. Anapelekewa kadi mkononi, na anayeipeleka huketi kwanza, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo aitoe kwenye bahasha.