Vyuma vya Wachongaji wa Kinyaga

Kinyaga ni jina la zamani la pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, nchi ambayo baadaye iliitwa mkoa wa Cyangugu na leo imegawanyika katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Magharibi yake kuna Ziwa Kivu na mto Rusizi unaotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Mashariki umesimama msitu wa Nyungwe. Kusini vilima vinashuka hadi tambarare ya Bugarama yenye joto. Nchi yenye ziwa, msitu na ng'ombe haikuweza kuishi bila wachongaji. Mitumbwi, makasia, mizinga ya nyuki, vinu vya kutwangia, mahori ya kukamulia ndizi za pombe, vyombo vya maziwa, viti, mbao za mchezo wa igisoro, mipini ya majembe: vyote vilitoka kwenye gogo, na kila kimoja kilitaka chuma chake. Waandishi wa historia ya Rwanda wameshughulika zaidi na wafalme, mikuki na majeshi. Vyuma vya kazi vimeachwa pembeni, ingawa ndivyo vilivyokuwa mikononi mwa watu kila siku.

Uhunzi wa nchi hii ni wa kale sana. Kusini mwa Rwanda wanaakiolojia wamechimbua tanuri za kuyeyushia chuma za karne za mwanzo baada ya Kristo, pamoja na vyungu vya mtindo wa Urewe unaojulikana pande zote za Maziwa Makuu. Heshima ya kazi hiyo ilifika hadi ikulu. Mwaka 1969, mwanaakiolojia Francis Van Noten alipolichimbua kaburi la mwami Cyirima Rujugira, alikuta nyundo za chuma zimewekwa penye kichwa cha mfalme. Nyundo hiyo, inyundo kwa Kinyarwanda, ni pande zito la chuma lisilo na mpini. Mhunzi huishika kwa mkono mtupu na kuipigia, na akitaka huisimamisha ardhini ikawa fuawe.

Kazi ilianza na ubutare, yaani mtapo wa chuma, uliopangwa tanurini pamoja na makaa huku mivukuto ya ngozi ikipuliza bila kupumzika. Kilichopatikana hakikuwa chuma kilichoyeyuka kikamiminika. Lilikuwa bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma, na ilibidi lipashwe moto na kupigwa mara nyingi mpaka takataka zitoke. Chuma cha namna hiyo kwa kawaida huwa na kaboni kidogo, na hilo ndilo jambo la kulishika kwanza anayetaka kuelewa visu vya Kinyaga. Chuma chenye kaboni kidogo hakiwi kigumu hata kikizamishwa majini kingali chekundu. Mhunzi aliweza kuyakaza makali kiasi kwa kuyapiga yakiwa baridi, lakini si zaidi. Kisu chake kilijipinda kabla ya kuvunjika, na makali yakajikunja badala ya kumomonyoka. Kulinyoosha bapa lililopinda ni kazi ya dakika chache. Kisu kilichovunjika hakina tena kazi. Kwa mtu aliye mbali na mhunzi, udhaifu huo ulikuwa na faida yake. Hasara ilikuwa moja, nayo kubwa: makali membamba sana hayakudumu, kwa hiyo kisu hakikuweza kubebeshwa kazi yote ya uchongaji.

Ndiyo maana mchongaji wa huku aligawa kazi kwa vyuma kadhaa. Cha kwanza kilikuwa shoka, la kuangushia mti na kukatia gogo. Cha pili, na ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya kazi, kilikuwa tezo, imbazo kwa Kinyarwanda. Namna vyuma hivi vinavyotiwa mpini inastahili kutazamwa kwa karibu. Mpini hukatwa kwenye tawi au shina lenye kichwa kinene. Kichwani hutobolewa tundu kwa chuma chekundu, kisha msuka wa bapa hupenyezwa humo. Hakuna msumari wala kamba. Kila pigo linausukuma msuka ndani zaidi, kwa hiyo chombo hujikaza chenyewe kadiri kinavyotumika. Tena, katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki bapa lile lile likigeuzwa robo mzunguko tunduni mwake, shoka huwa tezo na tezo huwa shoka.

Chombo cha tatu kilikuwa cha kuchimbia ndani. Chombo cha maziwa, icyansi, kina mdomo mwembamba na tumbo refu. Tezo halipiti humo. Kazi hiyo hutaka chuma chenye mpini mrefu na ncha iliyopinda, kinachovutwa kumwelekea mchongaji na kukwangua ukuta wa ndani tabaka kwa tabaka. Mti uliopendwa ni umuko, ule wenye miiba na maua mekundu, kwa sababu ni mwepesi, laini na haupasuki ovyo. Huchongwa ukiwa mbichi, na kwa kuwa mchongaji haoni ndani, vidole vyake ndivyo vinavyompimia unene wa ukuta. Hapa makosa hayana dawa: ukuta ukitoboka, kazi yote imekwenda kuni.

Kisu kilikuja mwisho. Kilitumika kulainisha mdomo wa chombo, kukata nakshi, kusawazisha mpini, kusafisha pale tezo lilipoacha makovu. Visu vingi vya zamani vya Rwanda na vya majirani wa ng'ambo ya ziwa vilikuwa na makali pande mbili na bapa la umbo la jani, vikatiwa ndani ya ala ya mti. Msuka ulichomwa ndani ya mpini, na mara nyingine ukazungushiwa waya. Ni kisu kizuri cha safari, cha kuchunia mnyama na cha kujilindia. Kwa kuchonga mti kina kasoro iliyo wazi: hakina mgongo. Mwenye kukishika hawezi kuweka kidole gumba nyuma ya bapa na kusukuma, maana nyuma nako kuna makali.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kisu hicho kikiwekwa kando ya visu vya nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambavyo leo wachongaji wa dunia nzima huvihesabu kuwa kipimo cha kazi hii. Kisu cha huko ni kifupi, hakikunjwi, na kina makali upande mmoja tu. Mgongo wake ni butu na mnene, ili gumba lisukume. Mteremko wa makali huanza karibu na katikati ya ubavu na kushuka bapa moja kwa moja hadi ukingoni, bila mteremko wa pili mdogo kama ule wa visu vya jikoni. Faida zake ni mbili. Wakati wa kuchonga, ubavu ule bapa hulala juu ya mti na kumwongoza mchongaji, kwa hiyo anajua kwa hakika makali yanaingia kwa kina gani. Wakati wa kunoa, ubavu huo huo hulazwa wote juu ya kinoo, na hata mtoto hapotezi pembe.

Kisu hicho kilienea kwa msaada wa viwanda na wa shule pia. Katika mji wa Mora, jimbo la Dalarna nchini Sweden, Frost-Erik Erson alianzisha kiwanda chake mwaka 1891, na kiwanda cha pili, cha Eriksson, kikafuata mwaka 1912. Viwili hivyo viliungana mwaka 2005. Visu vyao vya kuchongea vina bapa la takriban sentimita 6 au 8, na vile vinavyopendwa zaidi vimetengenezwa kwa chuma kigumu kilichobanwa katikati ya tabaka mbili za chuma laini. Finland ina kisu chake, puukko, chenye asili hiyo hiyo. Na huko Finland, Uno Cygnaeus aliingiza kazi za mikono katika shule za msingi mwaka 1866; katika muongo uliofuata Otto Salomon akaanza kuwafundisha walimu kule Nääs, Sweden. Kisu kifupi kikawa mkononi mwa kila mwanafunzi.

Kuvipima visu vya Kinyaga na vya Mora kwa mzani mmoja, kisha kutangaza mshindi, ni kutowatendea haki wahunzi wa Kinyaga. Mchongaji wa Dalarna alitengeneza vijiko na mipini kwa mti wa mbetula, vitu vinavyokaa kiganjani, na kisu kimoja kilimtosha karibu kwa kila kitu. Hata hivyo, naye alipotaka kuchimba tumbo la kijiko alihitaji kisu kilichopinda, na kwa bakuli alichukua tezo. Mchongaji wa Kinyaga alikuwa na kinu, hori na mtumbwi mbele yake. Kwake kisu kilikuwa msaidizi wa tezo, na ni tezo lililopata chuma bora na ustadi mkubwa.

Chuma chenyewe kilisafiri. Katika karne ya 19 biashara ya Ziwa Kivu iliunganisha Kinyaga na kisiwa cha Ijwi, Bushi na milima ya mbali zaidi ya magharibi. Bangili za nyuzi zilizofumwa, ubutega, zilitumika katika biashara hiyo kama fedha, na zilizunguka pamoja na mifugo, vyakula na majembe. Jembe lilikuwa chombo cha kazi na pia akiba: lililotumika hadi kubaki kipande halikutupwa, lilirudi motoni. Biashara hiyo haikungoja misafara ya pwani, kwa kuwa mwami Kigeli Rwabugiri hakuwaruhusu wafanyabiashara wa pwani kujitanua nchini mwake.

Rwabugiri ndiye aliyeongeza mahitaji ya wachongaji wa ziwani. Vita vyake dhidi ya Ijwi na Bushi vilihitaji kuvusha majeshi majini, na kila mtumbwi ulikuwa shina moja la mti mkubwa lililochimbwa kwa shoka na tezo. Alifariki mwaka 1895 akiwa katika safari ya vita dhidi ya Bushi.

Mwaka uliofuata askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, ndani ya Kinyaga, na jeshi la Rwanda lililowashambulia lilishindwa na bunduki. Wajerumani walifika Shangi mwaka 1898, na mtafiti wa Kijerumani Richard Kandt akajenga makazi yake huko. Desemba 1903 mapadri wa Shirika la White Fathers walifungua misheni ya Mibilizi. Jumba la misheni linahitaji milango, madirisha, paa na viti, na kwa ajili hiyo zikaja randa, patasi na msumeno. Useremala wa mbao zilizopasuliwa ulikua pembeni mwa uchongaji wa gogo; fundi wa kwanza huunganisha vipande, wa pili huondoa kisichotakiwa.

Pigo zito zaidi kwa wahunzi lilitoka kwenye bidhaa za kiwandani. Majembe na mapanga ya Ulaya yaliposhuka bei katika miaka ya utawala wa Ubelgiji ulioanza 1916, hakukuwa tena na sababu ya kuchoma makaa kwa siku kadhaa ili kupata bonge la chuma. Tanuri zilizimika. Wahunzi hawakuzimika pamoja nazo: walihamia kwenye chuma chakavu, na kwa mchongaji huo ulikuwa wakati wa kupata faida. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha kukifanya chuma kiwe kigumu kikizamishwa, na tupa kuukuu ina zaidi. Mhunzi hukata kipande, hukipasha moto, hukipiga hadi kiwe chembamba, hukizamisha, kisha hukipasha tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Kwa mara ya kwanza kisu cha kienyeji kiliweza kushika makali membamba siku nzima ya kazi. Bapa likaweza kuwa na makali upande mmoja na mgongo mnene wa kusukumia, umbo ambalo chuma laini cha zamani kisingelinufaika nalo.

Miti nayo imebadilika. Nyungwe iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1933, ikawa mbuga ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 ikaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Umuyove, mti mkubwa wa mbao nyekundu uliowahi kutoa mashina ya mitumbwi, haukatwi tena humo. Mashua za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huundwa kwa mbao, na wavuvi huzifunga tatu tatu kwa miti mirefu. Vilimani kumejaa mikaratusi, ambayo ikikauka huwa migumu na hupasuka kwa mapindo, pamoja na grevilea, ambayo kisu hukubaliana nayo zaidi. Icyansi kimepoteza kazi yake ya kila siku kwa madebe ya chuma na plastiki, kikabaki na heshima yake katika sherehe za harusi.

Kinachochongwa bado kwa wingi ni mpini wa jembe na umwuko, mwiko wa kusongea ugali. Mwiko huanzwa kwa panga, ambalo limechukua nafasi ya tezo katika kazi ndogo, na kumalizwa kwa kisu kifupi. Kwa kazi hiyo kisu cha Mora ni bora kwa wepesi wa kunoa na kwa usawa wa bapa lake; kisu cha springi kilichofuliwa vizuri hukikaribia sana, huuzwa na mtu anayeweza kukirekebisha, na kwa kuchonga kinakishinda kisu chembamba cha jikoni kinachojaa masokoni, ambacho bapa lake hulegea na msuka wake hutoka mpinini. Kwa kuchimba kinu au hori, hakuna kisu cha nchi yoyote kilichochukua nafasi ya imbazo.